Piano Isiyokuwa na Kitufe

Kama unafahamiana na mtu yeyote anayeimba kwaya kuanzia Makongeni hadi Shauri Moyo, basi huenda umeshakiona kidole changu. Kwenye ile video inayosambazwa kwa simu uso wangu hauonekani, ni mkono tu, mkubwa kama mlango kwa sababu ulikuwa kwenye skrini ya ukumbi mzima, na kidole kinabonyeza ubao mtupu, kinabonyeza tena, kinapapasa kama cha mtu anayetafuta swichi stima zikiwa zimepotea. Nimeamua kusimulia mwenyewe kwa sababu kila anayeituma anaongeza chumvi yake, na juzi jamaa mmoja wa Majengo ambaye hakujua kuwa ni mimi alinihadithia kisa chote mwanzo hadi mwisho, akamalizia kwamba mpiga piano alikuwa amelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimetoka kwa kinyozi.

Ninaitwa Kyalo. Siku za kazi niko Gikomba kwenye duka la mbao, naandika risiti na kubishana na wateja, na Jumapili mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu dogo pale Makongeni, kazi ambayo hakuna aliyenipa, niliipata tu kwa kuwa wa mwisho kutoka kanisani kila wiki mpaka mlinzi akachoka kunifukuza. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunzia kwenye zile nyeupe za kinanda, za kubonyeza kwa vidole, kwa sababu ukianzia wimbo mahali panapofaa unaweza kuucheza wote bila kugusa nyeusi hata moja, kwa hivyo zile nyeusi nikaziacha zikae kama mapambo (hadi leo nikiziona nahisi zinaniangalia vibaya).

Shida ni kwamba waumini hawajui habari ya nyeupe. Mama mmoja atasimama katikati ya ushuhuda aanzishe pambio popote koo lake lilipoamkia siku hiyo, na wewe unatakiwa umfuate. Hapo ndipo kinanda cha stima kinapomwokoa mtu kama mimi, maana kina kitufe upande wa kushoto, juu, ambacho ukikibonyeza kinashusha au kupandisha sauti ya kinanda chote, na vidole vyako vinabaki palepale kwenye nyeupe zako. Nasikiliza, mkono wa kushoto unakimbia, naongeza hatua mbili au natoa tatu, halafu naingia, na watu wanasema, "Kyalo ana masikio." Masikio ninayo. Na mtu asidhani niko peke yangu, wapiga vinanda wa makanisa ya mtaani wengi wetu tunaishi kwa kitufe hicho, tunajuana na hatusemi. Mimi nilikuwa nimekitumia mpaka nimesahau kipo, mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Sasa kuna dada yangu Mwende. Yeye ndiye anayenifuata, yuko chuo, mwaka wa mwisho, na ana sauti nzito ya chini, nzuri sana, ambayo sisi nyumbani tuliisikia tukiwa nje ya mlango tu, kwa sababu ukiingia jikoni anapoimba ananyamaza. Macho ya watu yanamfunga koo. Basi mama alipougua akalazwa (muda ambao hata sasa sipendi kuukumbuka), Mwende ndiye aliyekuwa akishinda naye hospitalini, na pale kwenye benchi ya kusubiri akatunga wimbo. Mama akapona, akarudi kwa kwaya yake ya akina mama, na wimbo wenyewe hakuwahi kuusikia. Mimi niliusikia kwa sababu Mwende alihitaji mtu wa kumpigia kinanda huku akitafuta maneno.

Umoja wa Wakristo wa chuo chao huandaa tamasha la sifa kila mwaka, Jumamosi kuanzia mchana hadi jioni, bendi kamili, skrini, moshi wa mashine, vijana kutoka vyuo vingine, mambo makubwa. Mwaka huu waliomba wanafunzi walete nyimbo zao wenyewe. Mwende akaandikisha jina, akalifuta, akaandikisha tena, mwishowe akanijia nikiwa nakula.

"Nitaimba, lakini kama ni wewe unapiga," akasema. "Na mama akuje."

"Si mko na wasee wa bendi huko?"

"Bro, nimesema ni wewe."

Nilivimba kichwa, sitaficha. Mtu anayeandika risiti Gikomba anaitwa kwenda kupigia chuo kizima, na bendi yao ikiwa imekaa pale inatazama, ungekuwa wewe ungefanyaje? Siku hiyo nilikula chapati zote zilizobaki bila kuuliza ni za nani.

Halafu ikaja ile picha. Msimamizi wa muziki wao, msichana anayeitwa Atieno, alinitumia kwa simu picha ya piano ya ukumbi, piano yenyewe ya mbao, nyeusi, inang'aa, ile ya kufunguliwa kifuniko mgongoni, akaniuliza kwa heshima kama ningependa kutumia hiyo au nije na kinanda changu, na akaongeza kwamba mazoezi ni asubuhi ya siku hiyohiyo. Niliitazama ile picha muda mrefu. Sikuona piano, nilijiona mimi nimekaa kwenye piano, nimevaa koti. Nikamjibu kwamba nitatumia hiyohiyo, kinanda ni kinanda, na kuhusu mazoezi asihangaike, wimbo ninao kichwani. Uamuzi mdogo tu, niliufanya nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kununua maziwa.

Kwa hivyo asubuhi ya tamasha, wakati wenzangu wanafanya mazoezi, mimi nilikuwa Shauri Moyo kwa kinyozi, kisha kwa fundi kuchukua koti lililokuwa likipunguzwa mabega. Kitufe hakikunijia akilini hata mara moja. Naapa.

Tulifika chuoni baada ya chakula cha mchana, mimi, mama, na marafiki zake wa kwaya ambao walikuwa wameamua kuja na vitenge vyao vya Jumapili, wote sare, wakaenda moja kwa moja wakakaa mstari wa pili kana kwamba wamealikwa rasmi. Vijana walio karibu wakawaamkia, "Shikamooni mama zetu," akina mama wakafurahi, wakaanza kugawana njugu. Mama akanivuta koti nikipita.

"Kyalo, usikimbize wimbo wa mtoto vile hutukimbiza sisi."

"Sawa mama."

"Na hilo koti limekubana."

Limebana, lakini mtu hupiga piano kwa vidole, nikajiambia. Nikaenda nyuma ya jukwaa nikamkuta Mwende amesimama peke yake karibu na pazia, anasonga midomo bila sauti, mikono baridi kabisa. Aliponiona alishusha pumzi. Nikamwambia atulie, niko hapa. Nikamwomba hata fundi wa mitambo aniwekee maikrofoni yangu kwa piano, ili nimwongezee sauti ya pili kwenye kiitikio (hakuna aliyeniomba, ni vile tu nilikuwa nimeshavaa koti).

Walipokuwa wakibadilisha vyombo nikapanda nikae. Piano walikuwa wameisukuma mwisho kabisa wa jukwaa, upande mmoja ukuta, upande mwingine ngoma za bendi, na mimi nikajipenyeza katikati nikaketi kwenye benchi. Nikaweka mikono. Nyeupe zilikuwa pale. Nyeusi zilikuwa pale. Kisha mkono wa kushoto ukaenda juu, kwa mazoea, kwenda kutoa nne, kwa sababu wimbo wa Mwende tangu siku ya kwanza huwa ni toa nne, na ukakuta ubao.

Sijui kama umewahi kukanyaga ngazi ukidhani kuna moja zaidi. Ndivyo mkono ulivyotua. Nikatazama upande wa kulia, ubao. Nikainama nikaangalia chini, kuna pedali. Mpiga ngoma, kijana mwenye miwani, akaniona nikipapasa.

"Brathe, kuna kitu umepoteza?"

"Hapana, naangalia tu. Ni safi."

Pale pale ndipo ningesema. Mwende alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo, Atieno alikuwa chini ya jukwaa, kuna kinanda cha stima cha bendi kilikuwa kimelazwa pembeni, ilikuwa ni kuomba tu kisimamishwe. Lakini kusema ningesema nini? Kwamba mpiga kinanda wa Makongeni hajui nyeusi? Nikamwita Mwende kwa kidole, akainama.

"Leo tupandishe wimbo kidogo," nikamnong'oneza.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Ukumbi ni mkubwa, unataka sauti ya juu."

Aliniangalia. Alitaka kuuliza kitu, lakini mwendeshaji wa tamasha alikuwa ameshashika maikrofoni anapaza sauti, "Bwana asifiwe!" na ukumbi ukajibu, "Amina!" na akasema jina la Mwende, na akasema kwamba wimbo huu ameutungia mama yake ambaye yuko nasi siku ya leo. Mstari wa pili ulilipuka vigelegele. Taa zikapunguzwa. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza ulipita. Unaanzia chini, kwa hivyo hata ukipandishwa bado unabebeka, na Mwende alifumba macho akaimba vizuri ingawa nilisikia anajikaza, na mimi nikaanza kujipongeza kwamba kumbe mambo si mabaya hivyo. Niliyosahau ni kiitikio. Kiitikio kinapanda. Kwa toa nne kinampeleka mahali panapomfaa kabisa, lakini kwa nyeupe zangu kilimpeleka mahali ambapo hata watoto wa shule ya Jumapili hawafiki, akajaribu kulifikia lile neno la kwanza, sauti ikakatika, akajaribu tena, ikatoka kama ya jogoo mdogo. Akanyamaza. Mimi bado nacheza.

Na hapo, badala ya akili, kukaja mkono. Mkono wa kushoto uliinuka wenyewe ukaenda kubonyeza toa nne. Ukabonyeza ubao. Ukabonyeza tena kwa nguvu zaidi, nafikiri uliamini kitufe kimekwama, kisha ukaanza kutembea kwenye mbao kutafuta, huku mkono wa kulia ukiendelea na kiitikio kilekile bila mwimbaji. Nilisikia kicheko kikianza nyuma ya ukumbi, kikaja mbele, na mpiga ngoma akajiinamia kwenye ngoma zake mabega yakimtetemeka. Nikainua macho kuona wanacheka nini. Kwenye skrini kulikuwa na kidole changu. Mpiga picha alikuwa ameamua kuonyesha vidole vya mpiga piano, jambo ambalo siku nyingine ningelipenda sana.

Watu wasiojua muziki walicheka kwa sababu ni kidole kinachobonyeza mbao. Lakini kulikuwa na wapiga vinanda wengi mle ndani, kutoka kila aina ya kanisa, na wao walielewa papo hapo kitufe kipi kilikuwa kinatafutwa. Hao ndio walioanguka chini.

Nikaacha kucheza. Mwende alikuwa amegeuka, ananiangalia, maikrofoni iko kifuani, na uso wake sikuuelewa. Mbele yangu, mstari wa pili, mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayengoja daktari atoke, na hapo ndipo aibu iliponiingia kwelikweli, maana kuchekwa ningevumilia, lakini wimbo wa mama ulikuwa umekatika katikati na mimi ndiye niliyeukata.

Atieno akapanda jukwaani. Hakukimbia, alipanda tu kama mtu anayekuja kuongeza kiti, akaja akasimama kando ya benchi.

"Kaka, wimbo uko ufunguo gani?" akauliza kwa upole.

"Toa nne," nikamjibu.

"Toa nne kutoka wapi?"

"Kutoka kwa kitufe."

Sasa, ile maikrofoni niliyoomba ya sauti ya pili ilikuwa bado inafanya kazi, na ilikuwa karibu na mdomo wangu kabisa. Ukumbi wote ulisikia. Kuna mtu alipiga kiti ngumi kwa kucheka, nilimwona. Atieno mwenyewe hakucheka (baadaye aliniambia alijiuma ulimi), aliweka kidole pale nilipokuwa nimeanzia, akahesabu kurudi nyuma hatua nne, nyeupe na nyeusi, akafika.

"Haya, sogea kidogo."

Nilisogea. Nilitaka kutoka kabisa, niende hata nikajifiche chooni, lakini upande mmoja ni ukuta, upande wa pili ni ngoma, na njia niliyoingilia sasa ilikuwa imekaliwa na Atieno. Kwa hivyo nilibaki pale pale kwenye benchi, koti limenibana, mikono imewekwa mapajani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, mbele ya chuo kizima. Atieno akacheza kiitikio mara moja tu ili Mwende akisikie kilipo. Mwende alisikiliza. Kisha akasema kwa maikrofoni, "Pole jamani. Tuanze tena," akashindwa kujizuia akacheka, na watu wakacheka naye, na kicheko hicho hakikuwa kibaya.

Akaimba. Sitajaribu kukueleza vile aliimba kwa sababu nitaharibu na hilo pia. Nitasema tu kwamba safari hii hakufumba macho. Mara nyingi alikuwa amegeuka upande, kuelekea piano, na nilidhani anamtazama Atieno ili waende pamoja, ndivyo waimbaji hufanya. Alipofika kiitikio neno lile la kwanza lilitoka kubwa na tulivu, ukumbi ukanyamaza, hata yule wa kupiga kiti ngumi. Mama hakupiga vigelegele. Alijifunika uso na kitambaa chake cha kichwa na wenzake wawili wakamshika mabega, na mimi nikawa nalia pale kwenye benchi bila hata kazi ya kufanya. Mpiga picha, Mungu amsamehe, akaonyesha hiyo pia.

Baada ya hapo nilitafuta mlango. Nje kwenye ngazi za ukumbi vijana walipita wakinipa tano, mmoja akaniambia, "Buda, usijali, hata mimi ni wa kitufe," akaangalia nyuma kama kuna aliyemsikia. Mama akatoka na kikosi chake, macho mekundu, akasimama mbele yangu.

"Kwa hivyo siku zote hizo ulikuwa unabonyeza tu?"

"Ndiyo mama."

"Na vile tulikuwa tunakuombea Mungu akuzidishie kipawa." Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanikumbatia, akaenda kumtafuta Mwende.

Mwende alikuja mwenyewe, baadaye, watu walipopungua. Hakuwa anacheka. Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu.

"Ulijua saa ngapi?"

"Nilipokaa tu."

"Na ukaniambia ati ukumbi unataka sauti ya juu."

 Nikamwambia pole. Nikamwambia nilijua ningemharibia, lakini nilikuwa nimeitwa kama mpiga kinanda, sasa nitasemaje mbele ya watu wa bendi kwamba kinanda chenyewe sikijui.

"Kyalo, nani alikuita kama mpiga kinanda?" akauliza. Alikuwa amekasirika kweli. "Atieno anapiga kuliko wewe, hiyo hata mimi najua, nakaa naye darasa moja. Ungeniambia tu ukweli ningeimba bila kitu. Nilikuita ndio nikigeuka nione mtu wa kwetu. Hiyo tu. Ungekuja hata bila mikono."

Nimechekwa na chuo kizima, nimechekwa na kwaya tatu, mtaani watoto wakiniona wanabonyeza ukuta. Hakuna kilichoniuma kama hayo maneno, na hakuna kilichonifurahisha kama hayo maneno, na bado sijui niyaweke wapi.

Nimejifunza niliyojifunza. Siku hizi jioni napitia kwa Atieno ananifundisha zile nyeusi, na nimegundua hazina kisirani na mtu. Kanisani nikishindwa kumfuata mama aliyeanzisha pambio nasema wazi, "Nipeni dakika," na hakuna aliyekufa. Na nimeapa kwamba mtu akinitegemea na nimekwama, nitasema nimekwama, hata kama koti ni jipya.

Mwezi ujao Mwende anaimba tena. Atieno ndiye atakayepiga, hilo halikujadiliwa. Mimi nimetengewa kiti cha mbele, upande ambao akigeuka ananiona, na nitafika asubuhi wakati wa mazoezi kama kila mtu, nitaketi hapo, nimtazame dada yangu, na mikono yangu nitaikalia.